ROHO INAYOKUFA KWA SHOKA ITAKULINDA NA NINI?



Wiki hii kijana wetu mmoja wa kanisa alinitumia video. Dada fulani amekumbatia mti, anauomba nguvu. Anasema Wagiriki wa kale walijua siri: ndani ya mti mna roho. Kijana akaniuliza, "Pastor, hii ni kweli?"

Wacha tuongee ukweli. Wagiriki waliamini miti ina mabinti wa kiroho. Waliwaita dryadi, jina lililotoka kwa neno lao la mwaloni. Wengine waliitwa hamadryadi. Hao uhai wao ulifungwa na mti wao: mti ukikauka au ukikatwa, nao wanakufa. Soma tena hapo. WANAKUFA!

Sasa mpendwa, unaiombaje uzima roho ambayo uzima wake uko mikononi mwa mtu mwenye shoka? Isaya 44 inamcheka mtu anayekata mti, sehemu anapikia chakula, sehemu anaipigia magoti. Na kule Listra (Matendo 14), kuhani wa Zeu alipoleta ng'ombe awatolee sadaka, Paulo na Barnaba walirarua nguo zao, wakawaelekeza watu kwa Mungu aliye hai, Muumba wa vyote.

Utaniambia, "Pastor, si ni hadithi tu?" Kuisoma shuleni si dhambi. Paulo mwenyewe aliwajua washairi wa Kigiriki (Matendo 17). Shida ni kuipigia magoti.

Lakini upanga huu una makali pande mbili. Wagiriki hao hao walisimulia habari za Erysichthon, aliyekata mti mtakatifu wa mungu wao wa kike, Demeter. Akapigwa na njaa: akila hashibi, mpaka akamaliza mali yote ya nyumba yake. Hadithi kama hiyo ilimfanya mpagani awaze mara mbili kabla ya kuinua shoka. Wewe uliyeokoka, unayemjua Mwenye mti, unakata bila kupanda hata mche mmoja, halafu unakesha ukiombea mvua! Kumbukumbu la Torati 20:19, Mungu aliwakataza Israeli kukata miti ya matunda hata wakiwa vitani.

Usiuabudu mti. Usiuharibu pia. Mti si mungu, lakini una Mwenyewe.

Kama umeelewa andika AMINA, na kesho upande mmoja. Ubarikiwe!