KODI YA MSHAHARA NA MTU ALIYEHAMA KAZI



Juni iliyopita nilikuwa likizoni kwetu Ngao. Siku moja nikapanda pikipiki mpaka Garsen kununua vitu vya nyumbani, nikakuta foleni ya vijana imetoka nje ya duka la kompyuta, lile tunaloita saiba. Nilidhani pana kazi zimetangazwa. Kumbe ilikuwa ni ritani, kwa maana tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kupeleka ritani ya kodi ya mwaka uliopita, na atakayechelewa hupigwa faini isiyopungua Sh. 2,000.

Mle ndani kijana wa saiba alikuwa akipokea pesa na kumwandikia kila mtu neno moja tu: sufuri. Yaani mtu huyu mwaka mzima hakupata kitu. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Mwaka huo alikuwa ameshika kazi ya barabara miezi saba, akakaa bure, na alikuwa amekatwa kodi kila mwezi. Nikamwuliza, mbona unasema hukupata kitu? Akanijibu, "Mjomba, kodi si walikwisha kuikata wenyewe? Mimi ritani ya nini tena?"

Neno hili nimelisikia hata kwa wazee wa relwe wenye miaka ishirini kazini, ndiyo sababu naomba nafasi kidogo katika gazeti letu. Mimi si karani. Nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, lakini asilimia nilifundishwa kwa kiboko na sijaisahau.

Tuchukue mshahara wa Sh. 30,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025. Kwanza hutoka NSSF asilimia 6, ni Sh. 1,800. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ni Sh. 825. Nyumba asilimia moja u nusu, ni Sh. 450. Tangu sheria ilipobadilishwa mwisho wa Desemba 2024, hizo tatu hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo inayotozwa kodi ni Sh. 26,925. Katika hiyo, Sh. 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ni Sh. 2,400. Zilizobaki, Sh. 2,925, hutozwa asilimia 25, ni Sh. 731.25. Jumla yake ni Sh. 3,131.25. Halafu serikali humsamehe kila mtu Sh. 2,400 kwa mwezi. Kodi inayobaki ni Sh. 731.25. Chukua slipu yako uipime hivyo kwa mshahara wako.

Sasa shida ni hii. Tajiri hukata kwa mwezi, lakini sheria hupima kodi kwa mwaka. Mtu aliyekaa kazi moja Januari hata Desemba haoni tofauti. Aliyehama ndiye huumia, au pengine hufaidika bila kujua.

Mpwa wangu kwa miezi saba alikuwa na Sh. 188,475 za kutozwa kodi. Kwa mwaka, fungu la asilimia 10 hufika Sh. 288,000. Basi fedha yake yote ilikuwa ndani ya fungu la chini, hali kila mwezi sehemu yake ilikatwa asilimia 25. Kwa jambo hilo peke yake amelipa Sh. 3,071.25 zaidi. Hizo ni fedha zake, na njia ya kuzidai ni ritani ya kweli yenye hesabu ya tajiri wake. Kwa kuandika sufuri alikana hata ile kodi aliyokwisha kulipa, na kijana wa saiba akatiwa mkononi pesa juu yake! Ritani iliyokosewa huweza kusahihishwa, na tuliisahihisha siku ya pili yake.

Upande wa pili ni mtu aliyetoka kwa tajiri mmoja tarehe 15 akaingia kwa mwingine tarehe 16. Kila mmoja humlipa Sh. 15,000, na kila mmoja humpa msamaha wa Sh. 2,400 kana kwamba yuko peke yake. Mwezi huo hakatwi kodi hata senti, naye hufurahi. Ritani ikifika hudaiwa Sh. 731.25 za mwezi ule. Huo si wizi, ni hesabu, na afadhali aziweke kando mapema.

Mkasa wangu mwenyewe ulikuwa mbaya kuliko hiyo. Kabla ya relwe nilifanya kazi kwa tajiri mmoja, jina lake naliacha. Slipu zilionyesha kodi kila mwezi. Nilipohama niliomba P9, ile hati inayoonyesha mshahara na kodi ya mwezi kwa mwezi, nikaambiwa karani amesafiri. Nikarudi mara tatu. Ilipopatikana, fedha niliyokatwa haikuwa imefika serikalini yote. Sheria inamtaka tajiri apeleke kodi aliyokata kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita, na asipoipeleka yeye ndiye mdaiwa. Lakini mimi ndiye niliyeacha kazi siku mbili kwenda Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, nikiwa na slipu zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Bila slipu zile ningesema nini?

Babu yangu alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa, zimekunjwa hata zimekatika, kwa sababu zamani za wakoloni asiyekuwa na stakabadhi alikamatwa. Mzee yule hakujua kusoma, na alitunza karatasi kuliko sisi wenye simu mfukoni.

Wako memba wanaosema kodi yote ni uonevu, chama kipiganie ipunguzwe na mengine tuyaache. Kupunguzwa ni shauri la Bunge, na chama kiendelee kuliendea huko. Lakini fedha iliyokwisha kukatwa ikalala mfukoni mwa tajiri haimsaidii mfanya kazi wala haijengi hospitali ya Hola, na hilo twaweza kulishika wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 yamlazimu tajiri kutoa slipu yenye kueleza kila makato, na cheti cha utumishi mtu anapoondoka. Nasema mapatano yetu yaongeze neno moja: P9 itolewe siku ile ile mtu anapopokea malipo yake ya mwisho, si Februari, si karani akirudi. Wengi wetu tukishaondoka haturudi tena. Kibarua aliyetoka mashamba ya mpunga ya Tana akaenda Mombasa hana nauli ya kufuata karatasi.

Hoja hii nitaileta mkutano wa tawi ujao. Mwenye slipu za tajiri wa zamani azilete tuzisome pamoja, hata kama zililowa katika mafuriko ya 2023. Zangu pia zililowa, na zasomeka.

Ni mimi memba wenu,
Mfanya kazi wa relwe, mtu wa Tana