AFYA YA NYUMBA: Munganga anasema lazeri, baba anakataa

Mara hii tunaanza na barua. Kijana mumoja anatuandikia kwamba baba yake, mwenye miaka 61, mutu wa pansioni, alipimwa macho na kukutwa na tansio ya jicho, ile waganga wanaita glokoma. Walimupa matone. Kichupa cha kwanza alimaliza, cha pili akakiweka juu ya kabati, kwa sababu hakuona tofauti yoyote, na franka za kununua kingine hazikuwako. Sasa munganga anasema wamufanyie lazeri. Baba anakataa kabisa. Anasema: "Miaka mingi niliunganisha vyuma kwa moto, najua moto unafanya nini kwa macho. Hakuna mutu atanitia mwingine." Kijana anauliza: nani iko na haki, baba ao munganga?

Kijana, baba yako si mujinga. Mutu mwenye kufanya kazi ile na kuogopa mwanga mukali amejifunza kwa mwili wake. Lakini umusomee hii polepole, jioni, wakati ametulia.

Kwanza, tansio ya jicho si tansio ya damu. Mutu anaweza kupimwa mukono, wanamwambia iko sawa, na jicho lake linaharibika siku ile ile. Ndani ya jicho kuna maji safi. Si machozi, hapana, machozi yako inje. Maji haya jicho linayatengeneza muchana na usiku, yanalisha sehemu za ndani, kiisha yanatoka kwa kichujio kidogo sana chenye kuwa pembeni, karibu na pale weupe wa jicho unakutana na sehemu ya rangi.

Ninyi watu wa mugodi mutaelewa mbio kuliko wengine. Maji yanaingia shimoni kila siku, hayangoji ruhusa ya mutu. Mwaka 2011 pale Kipushi pampu zilishindwa, na maji yalipanda ndani ya mugodi. Jicho halina pampu, liko na kile kichujio tu. Kikianza kuziba, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayatoki vizuri, na tansio inapanda. Kawaida inakuwa kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Ikikaa juu miezi na miaka, inafinya mushipa wa kuonea ulio nyuma ya jicho, nao unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Kuna hata watu ambao tansio yao haipiti 21 na mushipa unakufa hata vile, ndiyo maana munganga anaangalia mushipa wenyewe, si namba peke yake.

Mara mingi hakuna maumivu, na hapo ndipo hatari. Baba mukubwa wangu alianza kugonga bega kwenye mulango. Sisi watoto tulicheka. Alikuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe, mama mukubwa anamugombeza. Hospitali moja ya karibu ikasema ni katarakte, angojee ikomae. Tukangoja miaka miwili. Siku tulipomufikisha kwa munganga mwenyewe wa macho, jicho moja lilikuwa limekwisha, la pili linaona kama mutu anayechungulia ndani ya tiyo. Katarakte wanaitoa na mutu anaona tena. Lakini kile glokoma imekula hakirudi, si kwa matone, si kwa lazeri, si kwa kisu. Dawa zote ni za kulinda kile kilichobaki. Kwa hiyo baba yako hakuona tofauti na matone: hayakuwekwa ili aone vizuri zaidi, yaliwekwa ili mwaka ujao aone kama leo.

Sasa lazeri. Ni mwanga, ndiyo. Mwaka 1979 waganga wa Marekani walionyesha kwamba lazeri ya argoni, ikielekezwa kwa kile kichujio, inashusha tansio. Ile ilikuwa inachoma kweli, iliacha makovu madogo, na kuirudilia haikuwa rahisi. Mwaka 1995 munganga Mark Latina na mwenzake walionyesha njia nyingine: mimweko mifupi sana, kila mumoja ni sehemu tatu za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Muda ni mufupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kuenea. Linagusa seli zenye rangi tu, zenye kuwa ndani ya kichujio, kiisha mwili wenyewe unaanza kusafisha pale na maji yanapita vizuri zaidi. Basi mwambie baba: si moto wa kuunganisha chuma.

Na inafanyika namna gani? Mugonjwa anakaa kwenye kiti, kidevu juu ya kitegemeo, kama siku ya kupimwa lineti. Wanamutia tone la kufisha maumivu, kiisha munganga anashika kioo kidogo juu ya jicho. Mimweko ni kama mia moja kuzunguka jicho lote. Anaona mwanga, pengine anasikia kama kuchomwa kidogo na sindano. Ni dakika chache. Hakuna kukatwa, hakuna kulala hospitali. Wanamupima tena tansio mbele hajaenda, kwa sababu kuna macho ambayo inapanda kwa masaa machache. Siku mbili tatu jicho linaweza kuwa jekundu ao kuona ukungu. Muhimu: asitegemee kushuka kesho yake. Inachukua majuma ine mpaka sita, na mpaka siku hiyo aendelee na matone kama munganga amemwambia.

Pengine baba atasema: hayo ni ya Wazungu. Ni kweli, Uingereza waliifuata kwa watu 718, na mwaka 2019 walitangaza kwamba baada ya miaka mitatu karibu watu 74 kwa kila 100 waliofanyiwa lazeri hawakuhitaji matone. Lakini mimi napenda zaidi ile ya Moshi, Tanzania, kule chini ya mulima Kilimanjaro, katika hospitali ya KCMC. Waliwagawa wagonjwa 201 makundi mawili: wengine wakapewa matone ya timololi, wengine lazeri. Habari zilitoka mwaka 2021. Kiisha mwaka mumoja, kwa kila macho 100 ya lazeri, kama 61 yalikuwa na tansio iliyotakiwa. Ya matone, kama 31 tu. Wale ni watu weusi kama sisi, na macho ya wengi yalikuwa yameharibika sana tayari.

Lakini angalia, 61 si 100. Na karibu jicho moja kati ya matatu lilihitaji lazeri ya pili. Nguvu yake inaweza kupunguka kiisha miaka, basi kupimwa hakumaliziki. Mutu akifanyiwa lazeri na kupotea miaka mitano, amejirudisha kwa baba mukubwa wangu. Tena haifai kwa kila jicho: kama pembe ya jicho imefungika, ao kuna uvimbe wa ndani, munganga atachagua njia nyingine, na wengine watahitaji kupasuliwa.

Mashine ni ya bei, haiko kila hospitali. Mbele ya kupanda bisi, tumeni mutu aulize kama iko, kama inatumika, na bei yote pamoja na kipimo cha kurudi. Kiisha hesabuni bei ya vichupa vya mwaka muzima, muweke pembeni ya ile. Kama mutaamua matone, ni kila siku, hata siku za makuta kidogo. Na kama baba iko na pumu, lazima aseme, sababu timololi inaweza kufunga pumzi.

Neno lingine kwa ninyi vijana, zaidi wachimbaji wa mukono. Vumbi inawasha macho, munanunua matone sokoni bila kusoma. Mengi yako na kotizoni. Yanatuliza kweli, lakini ukiyatumia miezi, yanaweza kupandisha tansio ya jicho ukiwa bado na miaka 20.

Kwa hiyo, kijana, kwa swali lako: munganga iko na haki juu ya lazeri, na baba iko na haki ya kuelezwa mbele ya kukubali. Nenda naye. Muulize munganga maneno matatu mbele yake: pembe ya jicho iko wazi? Mushipa umebaki kiasi gani? Tansio inatakiwa ishuke mpaka namba gani? Andika majibu kwenye kaye.

Na baba akisimuka kwenye kile kiti, wewe ukae. Watoto wa mugonjwa, na kaka na dada zake, wako katika hatari kuliko wengine, na kwa watu weusi glokoma inaanza mapema. Barua yako haisemi kama mulikwisha kupimwa hata mumoja.