Choa Hakionekani Kwenye Damu

Mtu akitoka kwa daktari wa ngozi bila kutolewa damu, huona kwamba hakupimwa. "Ameniangalia tu," huwaambia wenzake, na kesho yake yuko maabara ya mtaani akiomba apimwe damu chafu. Imani hii imewagharimu wagonjwa wengi fedha na miezi ya kuugua bure.

Kipimo cha damu chafu hakipo, kwa sababu hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Chukua choa. Fangasi wake huishi kwenye tabaka la juu la ngozi, kwenye nywele na kwenye kucha, hawaishi kwenye damu. Toa chupa nzima, hutawaona. Anayewatafuta hukwangua magamba ukingoni mwa duara, si katikati, maana katikati pameshaanza kupona na fangasi hai wamesogea pembeni. Magamba huwekwa kwenye kioo, hudondoshewa potasiamu haidroksaidi inayolainisha ngozi, kisha nyuzi za fangasi huonekana kwa hadubini. Ni kipimo rahisi, lakini asiyeutambua ule ukingo atakwangua pasipo na kitu.

Ndiyo maana nasema kuangalia ni kipimo, tena cha kwanza, na ndicho kinachochagua vingine. Daktari hujiuliza: ni baka bapa au kipele kilichoinuka? Lina magamba, maji au usaha? Limetokea upande mmoja au pande zote mbili? Baka lililopauka hupimwa kwa pamba. Mgonjwa hufumba macho, huguswa kwa ncha yake, na asiposikia mguso, ukoma hushukiwa hapo hapo. Daktari huanza kupapasa mishipa ya fahamu, pamoja na ule unaopita nyuma ya kiwiko. Muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole na nyumba nzima kujikuna ni dalili za upele, na hapo kinachohitajika ni familia yote kutibiwa kwa pamoja.

Wanaodai damu wana ukweli wao. Macho hukosea, hasa yaliyofunzwa kwa picha za ngozi nyeupe: wekundu unaotajwa vitabuni, kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa zambarau, kijivu au weusi uliokolea. Tena yapo magonjwa ambayo damu ina neno kubwa. Vipele visivyowasha vilivyofika viganjani na nyayoni hudai kipimo cha kaswende. Lakini aliyekwenda kutoa damu hiyo alitumwa na viganja vyake.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata majibu yakisema damu ni safi. Mgonjwa huenda duka la dawa, hupewa krimu yenye steroidi, muwasho unatulia, naye anafurahi. Huku nyuma fangasi wanaenea, na ule ukingo unafutika. Akirudi hospitali, hata daktari mzoefu anapata shida kukitambua choa.

Basi siku ya kwenda, usijipake vipodozi. Beba kila tyubu uliyokwisha kutumia, eleza baka lilianzia wapi na lilikuwaje siku za mwanzo, na mwombe daktari akukague mwili mzima penye mwanga wa kutosha. Akikuandikia kipimo, muulize ameona nini kwenye ngozi yako kilichomfanya akihitaji.