Kutu ya Kweli na Kutu ya Uongo

Katika maonyesho ya kazi za mikono ya shule moja tuliyoitembelea, mwanafunzi alileta lori la mfano alilolitengeneza kwa waya na mabati ya makopo. Chini ya milango alikuwa amepaka kutu. Kwenye kona za boneti rangi ilikuwa imechubuka. Na mlango mmoja ulikuwa wa rangi nyingine, kama ilivyo kwa malori mengi yaliyokwisha kupita gereji. Mwalimu aliyesimamia meza ile alimwamuru alipake lote upya ling'ae, kwani wageni wasingependa kuona uchakavu. Lori likang'aa, na ukweli ukafutika.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu mmoja. Tunaandika kwa sababu amri ile imetokana na fikra iliyoenea mno miongoni mwetu, kwamba sanaa ni kuremba tu, na kwamba kitu kilichotumika ni kitu cha aibu. Fikra hiyo ni kasumba, nasi hatuna budi kuipinga.

Wako wengine waliopotoka kwa upande wa pili. Hao hupakaza kutu kila mahali, hata gari zima likaonekana kama limefukuliwa jalalani, wakidhani kwamba mnunuzi mgeni akiona kutu nyingi ndipo atakaposadiki kuwa ameiona Afrika. Kundi la kwanza laficha uchakavu. La pili lauuza. Makundi yote mawili yana kosa moja: hayakulitazama gari lenyewe.

Kutu ina kanuni zake. Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni hulika, na chumvi huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana magari ya pwani huoza upesi kuliko ya bara penye ukavu. Kutu huanzia pale maji yanapotuama: ukingo wa chini wa mlango, maungio ya mabati, ndani ya mabawa ya magurudumu. Kisha hushuka kwa michirizi kufuata njia ya maji. Kutu changa ina rangi ya machungwa. Iliyokomaa ni kahawia iliyokoza. Tena isichanganywe na vumbi jekundu la barabara zetu, ambalo huoshwa likatoka. Kutu haioshwi.

Tuchukue mfano wa Land Rover, gari linalojulikana sana katika Afrika Mashariki. Lilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Chasi yake ni ya chuma, na vivyo hivyo ukuta unaotenga injini na dereva. Basi mchoraji anayelijaza kutu nyekundu bawa la Land Rover kuukuu amesema uongo, kwa maana aluminiamu haipati kutu hiyo. Inapolika hutoa unga mweupe. Anayeiweka kutu kwenye chasi amesema kweli. Tofauti hiyo ndiyo elimu.

Vipimo navyo vina sheria. Katika mfano uliopunguzwa mara 24, doa la milimita 5 ni sawa na doa la sentimita 12 katika gari halisi. Mkono usiojua hesabu hutoboa mlango mzima bila kukusudia.

Watu watauliza: tutapata wapi vifaa, ilhali shule hazina hata rangi za kutosha? Hoja hii haina nguvu. Mwanafunzi apake kwanza rangi ya kahawia, aiache ikauke, ailoweshe kidogo na kunyunyizia chembe za chumvi. Chumvi ikishikamana, apake juu yake rangi ya gari. Ikikauka, asugue chumvi itoke, na kahawia itachungulia kama kutu chini ya rangi iliyobanduka. Kipande cha sponji huchora michubuko, na unga wa chaki ni vumbi tosha. Kinachohitajika zaidi ni jicho, na jicho halinunuliwi dukani.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu si la mchezo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isitengwe na kazi za jamii inayoizunguka. Gari kuukuu linalotembea bado ni kazi ya mikono ya watu: fundi aliyechomelea bati, aliyepaka puti na kupiga msasa, aliyetafuta mlango mwingine ule wa kwanza ulipooza. Anayelipaka mfano wake ung'ae kama mpya amemfuta fundi huyo. Anayeurundikia kutu tupu amemfuta vilevile, kwani ameonyesha uharibifu bila matengenezo.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Vijana waliozoeshwa kufunika kutu kwa rangi watafanya hivyo hivyo kesho, watakapokabidhiwa matrekta, madaraja na mitambo ya umma. Kwa hiyo, walimu, msiwaamuru wanafunzi wafute kutu. Wapelekeni gereji wakaitazame, kisha waulizeni imeanzia wapi na nani aliizuia. Na yule kijana wa lori tungemwambia hivi: rudisha mlango wako wa rangi nyingine.