Machozi ya Sinema Hayamlishi Mama

Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na leo zimo majumbani mwetu. Hatuzungumzii hapa nyimbo zake, bali sura ya mama inayosifiwa humo.

Tuchukue Mother India, iliyoongozwa na Mehboob Khan mwaka 1957. Mume wa Radha apondwa mikono yote miwili na jiwe, aona haya, na kuitoroka nyumba. Radha, aliyeigizwa na Nargis, abaki na watoto, njaa na deni la riba. Mwishowe ampiga risasi mwanawe Birju anapomteka binti wa mkopeshaji, kwa kulinda heshima ya kijiji. Watazamaji hububujikwa na machozi.

Filamu ile haikumficha mla riba, ilimwonyesha dhalimu. Lakini baba aliyetoroka, nani alimhukumu? Hapo ndipo penye hatari. Mzigo ulioangushwa na mwanamume hubebwa na mama, na kuubeba huko huitwa utukufu. Sifa ya namna hiyo haimgharimu kitu anayeitoa. Mtu humlilia Radha usiku, na asubuhi hajui mama yake mzazi amekula nini.

Mama si sanamu ya mateso. Ana haki ya kutunzwa, na haki hiyo ni deni juu ya mume na wana. Basi tufute machozi, tukalipe deni letu angali hai.