JIWE LINALOELEA LITUFUNZE

Ndugu wanakijiji,

Yako mawe mepesi yenye matundu, ukiyatupa majini hayazami. Wengine wanadai ni ya mashetani. Sivyo. Ni povu la volkano lililoganda. Volkano ya Krakatau, Indonesia, ililipuka Agosti 1883. Mwaka 1884 mawe yake yakafika Zanzibar yakielea.

Basi tusiseme Indonesia ni mbali! Jiwe lilisafiri miezi, lakini wimbi la tetemeko la Sumatra, Desemba 26, 2004, halikumaliza hata siku moja. Likaua watu hapa Tanzania.

Maoni yangu: redio ikitangaza hatari, au maji yakikupwa ghafla bila majira yake, tusikimbilie kuokota samaki. Tupande mlimani na watoto. Samaki tutavua kesho.

Ni mimi mwanaushirika mwenzenu.