VAR ni nukta tu, shabaha ni ya mwamuzi

Bunduki kubwa ya mitutu miwili, ile ya kuwindia nyati na tembo, ni chuma cha kizamani. Siku hizi wapo wanaoifunga kilengeo cha nukta nyekundu. Faida ipo: mwindaji anafumbua macho yote mawili, anaweka nukta juu ya mnyama, anafyatua. Hahangaiki tena kulinganisha alama ya nyuma na ya mbele.

Lakini mitutu ile hupangwa kiwandani ili risasi zake zikutane kwenye umbali fulani. Ikipangwa vibaya, nukta haiitibu. Na kilengeo kikifungwa kilegevu, teke la bunduki linakihamisha. Hapo unabaki wewe na nyati aliyejeruhiwa.

Tunayasema haya kwa sababu kila penalti ikiwa na utata Mkwakwani, jukwaa zima linaililia VAR. Hatuipingi. Imo kwenye sheria za soka tangu 2018, na Kombe la Dunia la Urusi liliitumia mwaka huohuo. Ila nayo ni nukta tu. Anayetazama marudio na kuamua ni binadamu mwenye filimbi.

TFF, waamuzi wanolewe kwanza, kuanzia madaraja ya chini ambako kamera hazifiki na filimbi moja inaweza kuishusha timu. AFCON 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda. Tusiishie kununua mitambo.

Na nyie Wagosi wa Kaya, ubingwa wa 1988 Coastal iliubeba bila VAR. Mabao hayafungwi na kamera.